Panya, uvimbe na baridi ya Julai: shajara ya mradi wetu Nairobi

Mei, mwishoni

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kimetoka, na kile cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kilitangulia. Kwa hivyo shajara inaanza. Nitaandika kukiwa na la kuandika. Zipo wiki ambazo kazi yote ya maabara ni kuosha vizimba na kungoja, na hizo sina haja ya kumchosha mtu nazo.

Swali letu analielewa hata asiyewahi kushika pipeti: je, baridi ya chumba anamoishi panya hubadilisha namna kinga yake inavyopambana na uvimbe? Hatukulizua sisi. Mwaka 2013 Elizabeth Repasky na wenzake wa kituo cha saratani cha Roswell Park, mjini Buffalo, Marekani, walichapisha matokeo ambayo, ukiniuliza mimi, kila mtu wa panya angeyabandika ukutani. Vyumba vya panya wa maabara huwekwa kwenye nyuzi 20 hadi 26, mara nyingi 22. Hizo ni nyuzi za raha ya binadamu aliyevaa koti. Panya ana mwili mdogo unaopoteza joto upesi, na raha yake iko kwenye nyuzi 30 hivi. Chini ya hapo hula zaidi, huchoma mafuta yake ili apate joto, na hulala amelundikana na wenzake.

Wale wa Buffalo waliweka kundi moja la panya wenye uvimbe katika nyuzi 22 hadi 23 na jingine katika 30 hadi 31. Kwenye chumba cha joto uvimbe ulikua polepole na ukasambaa kidogo. Hapo mtu angesema, basi joto linachoma saratani. La. Walipotumia panya wasio na seli T, askari wa kinga, au walipoziondoa seli T zenye alama ya CD8, ambazo ndizo wauaji wa seli mbovu, tofauti ikatoweka. Joto halikugusa uvimbe. Liliipa kinga nafasi ya kufanya kazi yake.

Sasa njoo Nairobi. Majengo yetu hayana mfumo wa kupasha joto, tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku Kabete ni juu zaidi ya mjini. Kati ya Juni na Agosti wingu linakaa juu ya paa wiki nzima. Tukiandika "joto la chumba" katika ripoti zetu, tunamaanisha joto alilotujalia Mungu siku hiyo. Nataka kuona kama hilo linafika mpaka kwenye uvimbe.

Juni, mwanzoni

Vyumba viwili, vizimba vya watano watano, majike wa ukoo wa BALB/c. Chumba kimoja nyuzi 30, kingine 22. Kichekesho ni kwamba hata hicho cha 22, ambacho sote tunakiita "cha baridi", kinahitaji hita, maana usiku wa majira haya chumba kikiachwa hivihivi hushuka chini ya 20 na kamati haikuturuhusu kufika huko. Sikubishana nao.

Hita za mafuta tumenunua mjini, vipimajoto vyenye kumbukumbu tumevitoa Luthuli Avenue, ambako nilivijaribu vyote dukani kwa kuviweka pamoja ndani ya kikasha kimoja cha barafu. Vilivyopishana na wenzao nilivirudisha palepale juu ya meza. Muuzaji hakufurahi. Fremu za kupangia vizimba zimetengenezwa na mafundi wa jua kali wa Gikomba, na sioni haja ya kuagiza za nje kwa bei ya gari.

Maranda ndiyo yaliyonisumbua. Rahisi kupatikana ni ya misonobari na mierezi, lakini miti hiyo ina mafuta yanayochochea vimeng'enya vya ini la panya, na ini lililochochewa huvunja dawa kwa kasi isiyo yake. Mzunguko huu hatutoi dawa, ila unaofuata huenda tukatoa, na sitaki kubadilisha matandiko katikati. Tumepata mbao ngumu kwa seremala mmoja anayetuwekea maranda yake kando kabla hayajachanganyika na mengine. Yanapitia otoklevu kwanza, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu.

Kuhusu otoklevu, neno kwa wanaoanza kazi hapa juu mlimani. Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, kilopaskali 82 hivi badala ya 101 za pwani. Vitabu vinasema shinikizo la pauni 15 hukupa nyuzi 121. Mombasa, sawa. Hapa mshale wa geji ukisimama kwenye 15 hujafika 121. Unahitaji karibu na 18. Soma nyuzi, achana na shinikizo.

Juni, katikati

Seli zimeamka. Tunatumia 4T1, seli za saratani ya matiti zilizotoka kwa panya wa BALB/c mwenyewe. Tumezichagua kwa ukorofi wake: ukizipanda kwenye titi hazikai hapo, zinakwenda mapafuni, inini, mifupani, karibu kama saratani ya matiti inavyomfanya mwanamke aliyechelewa kufika hospitali. Tena zina sifa moja ya manufaa: huvumilia thioguanini. Ukichukua pafu la panya, ukalisaga na kulimwagia dawa hiyo, seli za pafu zinakufa na za saratani zinabaki na kujenga makoloni unayoweza kuyahesabu kwa macho.

Mwinuko ulitufuata hadi kwenye inkubeta. Kila mwongozo unasema asilimia 5 ya kabonidioksidi. Lakini kinachoshikilia uchachu wa majimaji ya kukuzia ni shinikizo la gesi yenyewe, na asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya hewa nzito. Majimaji yanageuka rangi kuelekea zambarau, seli zinanuna. Tumepandisha hadi asilimia 6 na ushei, rangi imerudi kuwa nyekundu ya chungwa. Mwanafunzi mpya alikuwa ameshaanza kuilaumu seramu.

Kipimo cha maikoplazima: safi. Bakteria hao hawaonekani kwa hadubini ya kawaida na hawaui seli, wanaziharibu tabia tu. Ukizidunga kwa panya hujui tena kinga inapigana na nini. Bila kipimo hiki hakuna sindano, hata Prof akija na tarehe zake.

Juni, mwishoni

Panya wamezoea. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wageni wetu hupita chumba hiki mbio wakielekea kwenye mashine, na kwa maoni yangu nusu ya majibu imo humu.

Kwanza, kwa nini panya wa ukoo mmoja. Wamezalishwa kaka kwa dada kwa vizazi zaidi ya 20 hadi wakawa kama mapacha. Uvimbe wa BALB/c ukiupanda kwa BALB/c, mwili hauukatai kwa ugeni wake. Ukiupanda kwa ukoo mwingine, unakataliwa kama figo ya mtu baki, na utafiti wako wa saratani umegeuka utafiti wa upandikizaji. George Snell alitumia miaka mingi kutafuta jeni zinazoamua hilo kwa panya, akapata Nobel mwaka 1980. Na kabla yake kulikuwa na Abbie Lathrop, mwalimu mstaafu wa kijijini Massachusetts aliyekuwa akifuga panya wa kuuza kama wanyama wa nyumbani. Aliona vidonda vya ajabu kwenye ngozi zao, akawaandikia wanasayansi, wakamwambia ni saratani. Panya wengi wa leo, wale weusi wa C57BL wakiwemo, asili yao ni banda la mama huyo. Nampenda kwa sababu aliangalia.

Mtunza panya wetu naye huangalia. Sote tunamwita Mzee. Yeye huniita Daktari, ijapokuwa shahada yenyewe bado naitafuta. Juzi kanisimamisha mlangoni.

"Daktari, hawa wa chumba cha huku wanalala wamepandana. Wale wa kule kila mmoja na kona yake."

"Wanaona baridi, Mzee."

"Kumbe mnajua. Sasa mnawaachia kwa nini?"

Nilimweleza kwamba nyuzi 22 ndizo panya wengi wa maabara duniani wanazoishi, na kwamba ndicho tunachokipima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama panya hao wengine duniani nao hupandana. Hupandana, Mzee.

Kuwashika: hatuwanyanyui kwa mkia. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba panya anayebebwa ndani ya bomba au viganjani hana hofu kama yule anayevutwa mkia. Mabomba yetu ni ya gamba la karatasi, na wanayatafuna, haidhuru. Jambo jingine ni harufu ya mwanamume. Kundi la Montreal liliripoti mwaka 2014 kwamba panya hupata mfadhaiko akiwepo mwanamume chumbani, na hata fulana iliyovaliwa na mwanamume inatosha. Sasa, Mzee ni mwanamume na huwezi kumwondoa. Tulichofanya ni kuhakikisha watu walewale wanaingia vyumba vyote viwili kwa zamu sawa. Homoni za mfadhaiko na homoni za baridi ni jamaa. Zikichanganyika sitajua nani kafanya nini.

La mwisho kuhusu banda letu: si safi kama yale ya Ulaya ambako panya hawajui kijidudu hata kimoja cha kuwadhuru. Zamani niliona haya juu ya hilo. Kisha mwaka 2016 likatoka andiko la kikundi cha Minnesota katika Nature: kinga ya panya wa maabara safi inafanana na ya mtoto mchanga wa binadamu, na panya wa dukani, aliyekutana na magonjwa, ndiye mwenye seli T zinazofanana na za mtu mzima. Waliowekwa pamoja na hao wa dukani, wakapona, kinga yao ilikomaa. Sisemi uchafu ni mzuri. Tunapima magonjwa, tunaandika tulichokiona, na hatujifanyi tuko Basel.

Julai, siku ya sifuri

Sindano leo. Seli 100,000 kwa kila panya, kwenye mafuta ya titi la nne, chini ya aisoflureni, dawa ya usingizi. Panya akilazwa kwa dawa hushuka joto upesi sana, kwa hivyo meza yote ina pedi ya joto, makundi yote mawili. Kila kizimba kiligawiwa chumba kwa kura ya kompyuta kabla ya sindano. Mdungaji hakujua kizimba kipi ni cha chumba kipi.

Tulianza saa mbili asubuhi, tukamaliza mchana. Seli zilizobaki tulizihesabu tena mwishoni: zilikuwa hai. Watu wengi huhesabu mwanzoni tu, na panya wa mwisho hupewa uji wa maiti.

Siku ya 4

Hakuna cha kuonekana. Wamepimwa uzito, wanakula. Wa chumba cha joto wanakula kidogo, kama ilivyotarajiwa, na chakula kinapimwa kila kizimba. Hewa ya Nairobi ukiipasha inakauka. Beseni za maji zimeingia chumba cha joto.

Siku ya 8

Vimeanza kushikika kwa kidole, kama punje ya mtama chini ya ngozi. Kalipa, kile kipimio cha taya mbili, imeingia kazini.

Tunapima urefu na upana. Ujazo ni urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili. Uvimbe wa milimita 8 kwa 6 unakuwa milimita 144 za ujazo. Sasa mpimaji akibonyeza vibaya akasoma upana 7 badala ya 6, anapata 196. Milimita moja, na uvimbe "umekua" kwa zaidi ya theluthi. Nimeona michoro mizuri ya makala iliyosimama juu ya milimita kama hiyo. Ndiyo maana mpimaji wetu ni mmoja, mwanafunzi wa kike mwenye mkono mtulivu, na hasomewi namba za jana.

Kumficha kundi lilikuwa gumu zaidi. Huwezi kumficha mtu chumba cha nyuzi 30; akiingia anatoka jasho. Suluhisho: haingii. Mzee analeta vizimba meza ya kati, vimefunikwa shuka ili korido isiwapoze, kwa mpangilio unaobadilika, na kila panya ana alama ya sikio tu. Mpimaji anasema kwa sauti, mimi naandika. Inachukua muda mrefu. Prof alipita, akatazama, akasema, "Hii ni harusi sasa," akaenda zake.

Siku ya 11

Stima zilipotea saa nne usiku, mvua kubwa. Jenereta ya jengo huhudumia friza ya nyuzi hasi 80 na inkubeta, haifiki kwenye hita za panya. Mzee alinipigia.

"Chumba cha joto kinashuka, Daktari. Niwaongezee karatasi za kiota?"

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Panya akipewa karatasi za kutosha hujenga kiota na kujitengenezea hali ya hewa yake mwenyewe humo ndani. Ukiwapa wa chumba kimoja peke yao, umewapa kitu ambacho wenzao hawana, na kitabaki hata stima zikirudi. Lakini kuwaacha wanyama wagonjwa wapoe kwa sababu ya usafi wa jedwali langu, hilo kamati haingekubali na mimi pia sikubali. Tulikubaliana: karatasi kiasi kilekile, vyumba vyote viwili, zitolewe kote pamoja asubuhi. Stima zilirudi alfajiri. Vipimajoto vimeandika mteremko wote, na utaingia kwenye ripoti kama ulivyo. Hakuna panya anayeondolewa kwa sababu ya usiku huo. Hilo tuliliandika kwenye mpango kabla ya sindano: stima zikipotea, tunaripoti, hatuchagui.

Tunatafuta betri ya kushikilia hita kwa saa chache. Bei zake zinatia kizunguzungu.

Siku ya 15

Muuguzi mmoja wa wodi ya saratani, rafiki wa nyumbani, alikuja kuona. Aliangalia vizimba, akasoma karatasi ya mlangoni, akaniuliza bila kuzunguka:

"Sasa ndugu yangu, niwaambie wagonjwa wangu wajifunike?"

Nafurahi aliuliza, maana najua jinsi habari hizi zinavyotembea. Kesho utasikia kwenye matatu kwamba blanketi linatibu kansa. Nilimwambia hapana. Binadamu ana mwili mkubwa na ana sweta. Nyuzi 22 kwake si taabu, kwa panya ni kazi ya usiku na mchana. Kinachotuvutia si blanketi bali njia. Panya anapoona baridi, neva zake humwaga homoni ya noradrenalini ili mafuta ya kahawia yachomeke yatoe joto. Seli T zina vipokezi vya homoni hiyohiyo, vile vya beta, na zikimwagiwa kwa muda mrefu huzubaa. Mwaka 2017 maabara ile ya Buffalo ilionyesha kwamba ukiviziba vipokezi hivyo kwa panya wa nyuzi 22, au ukitumia panya waliozaliwa bila hivyo, kinga inaamka, na dawa ya kuzuia PD-1, breki ya seli T, inafanya kazi vizuri zaidi.

Binadamu humwaga homoni hiyo kwa sababu nyingine: hofu, maumivu, kukosa usingizi, kuwaza nauli ya kurudi kliniki. Hapo yeye ndiye aliyenifundisha, si mimi. Aliniambia wagonjwa wake wengine hufika wametoka safari ya usiku kucha kwenye basi. Dawa za kuziba beta ni za zamani na za bei nafuu, hutumika kwa shinikizo la damu na moyo, na zina madhara yake kwa mwenye pumu. Kama zina nafasi kwenye saratani ni swali la majaribio ya watu, hospitalini, kwa utaratibu. Panya wangu hawawezi kulijibu.

Siku ya 19

Panya mmoja wa chumba cha nyuzi 22 ameondolewa leo kabla ya wakati. Uvimbe ulipasuka ngozi. 4T1 hufanya hivyo. Kanuni zetu ziko wazi: kidonda, au kupungua uzito kwa asilimia 20, au uvimbe kufika milimita 15, anasitishwa siku hiyohiyo. Tuliichukua damu, wengu na mapafu yake. Mwanafunzi alinyamaza mchana kutwa, na sikumwambia azoee.

Siku ya 24

Siku ndefu. Kila panya: damu, uvimbe, wengu, mitoki ya kinenani, mapafu.

Wengu ndio unaoshtua wageni. Wa panya mzima ni kama kipande cha njiti chekundu. Wa panya mwenye 4T1 umevimba mara kadhaa. Uvimbe wa aina hii humwaga kemikali zinazouamuru uboho utoe chembe changa za ukoo wa mieloidi, zenye alama za CD11b na Gr-1, na chembe hizo kazi yake kubwa ni kuzizimisha seli T. Kwa hiyo saratani hii haijifichi tu, inaajiri walinzi kutoka mwili wenyewe. Pamoja nao kuna seli T za kudhibiti, zile za jeni ya FOXP3, ambazo kwa mtu mwenye afya huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995 na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaipata jeni mwaka 2001 kwa panya wagonjwa. Wote watatu walipewa Nobel mwaka 2025. Ndani ya uvimbe seli hizo ziko kazini kuulinda.

Tuliukatakata uvimbe kwa mkasi, tukautia kolajenasi, kimeng'enya cha kulegeza nyama, kwenye nyuzi 37, tukauchuja. Hapa ndipo watu hupoteza seli: ukiacha kimeng'enya muda mrefu kinakula hata zile alama unazotaka kuzisoma. Chembe nyekundu za damu tulizipasua kwa majimaji ya kloridi ya amonia. Kisha kingamwili zenye rangi, gizani, juu ya barafu. Kingamwili hizi zilifika uwanja wa ndege wa JKIA zikiwa na barafu bado, nimeandika joto la kila kikasha kilipofunguliwa. Rangi zake nyingine hufa kwa mwanga, kwa hivyo taa zimezimwa na tunafanya kazi kwa mwanga wa korido. Mashine ya kusoma tumeikodi kwa saa, na foleni yake ni ya watu wa malaria na Ukimwi. Walitupisha. Asanteni.

Agosti

Makoloni ya mapafu yamehesabiwa na mtu asiyejua makundi. Kifunguo cha alama za masikio kilifunguliwa mbele ya watu watatu.

Tarakimu sizitoi hapa, na sababu nitaieleza. Kwa jicho, mistari ya ukuaji imeachana katikati ya jaribio, wa joto wakiwa chini, kisha mwishoni imesogeleana. Wengu zimevimba kote kote. Sehemu ya seli za CD8 ndani ya uvimbe inaelekea upande uleule wa Buffalo. Prof anataka tuandike muhtasari wa mkutano mara moja.

Mimi nimekataa, kwa adabu. Tuna panya wengi, lakini tuna vyumba viwili. Chumba cha joto kiko upande wa mashariki, kinapata jua la asubuhi pale linapojitokeza, kiko mbali na ngazi, hakina kelele za ndoo. Nikisema joto limefanya kazi, mtu mwenye akili ataniuliza nimejuaje si ngazi. Sina jibu, na panya wengi zaidi ndani ya vyumba vilevile hawatanipa. Jibu ni kubadilisha: hita za kule zije huku, jaribio lote lirudiwe, na takwimu zichukulie kizimba na mzunguko kama vizio vya kuhesabu, si kila panya peke yake. Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba tupunguze wanyama tunaowatumia. Wapo wanaolisoma hilo kama ruhusa ya kufanya jaribio dogo lisilojibu kitu. Panya aliyekufa kwa swali lisilojibika amekufa bure.

Prof alinyamaza, akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia mpaka baridi iishe. Akasema basi hita zitatumia stima kidogo, na akatia sahihi.

Agosti, mwishoni

Hita zimehamishwa. Seremala ameleta maranda. Betri bado, tumepata fundi Kariobangi anayeweza kuziunga za gari zilizotumika, tunasubiri mhandisi wa jengo akague kama ni salama karibu na wanyama. Ombi la kuongeza kundi la tatu, la nyuzi 22 pamoja na propranolo, mojawapo ya dawa za kuziba beta, kwenye maji ya kunywa, liko kwa kamati. Wameuliza swali zuri: tutajuaje kila panya amekunywa kiasi gani, ilhali wa chumba cha joto na wa baridi hawanywi sawa? Tumejibu kwamba dawa itatolewa kwa kundi la baridi pekee na chupa zitapimwa kila siku, na kama hawakuridhika tutatumia sindano.

Mzee ameomba awe anaandika mwenyewe jinsi panya wanavyolala: waliopandana, waliotawanyika, saa ngapi. Nimempa daftari. Safu yake itaingia kwenye jedwali la mzunguko wa pili.